Siku Papa-Mukwe Alipima Tanki Yangu

Masomo yangu ilisimama mu mwaka wa ine wa primaire, sifichi. Lakini pita ku mutaa wa Golf, uliza ile milango ya chuma yenye maua: nani aliisude, aliunga chuma yake kwa moto? Ni miye. Madirisha, mabenchi ya kanisa, mbabula za makaa za mama zetu, yote mikono hii. Sudure yangu, pale chuma mbili zinashikana, iko laini, nzi akitua pale anateleza.

Mu Lubumbashi yote, muntu moja tu alikataa kuamini: papa-mukwe, baba ya bibi niliyemuoa. Kazi yake mpaka pension ilikuwa kupima sudure mu atelier ya mine ya shaba. Batu bakimuuliza mukwe wake anafanya nini, anajibu: "Anabandika-bandika chuma."

Sasa, padiri wa Kasungami akaniomba tanki ya maji ya dispansere. Nikaitengeneza pale pale mu kiwanja yao, nikijisifu kwa kila mugonjwa. Siku ya kumaliza padiri akaniambia: "Papa-mukwe wako njo yeye atapima. Akikataa, unabeba chuma yako."

Kipimo yake niliijua, juu anaielezea ku kila matanga. Inje unapaka sudure chokaa, ndani unapaka petroli ya taa. Petroli iko na akili ya mwizi: sudure isiposhika mpaka ndani, inapita, na chokaa inaonyesha doa.

Asubuhi ya kipimo nikaangalia tanki kwa jua: matundu mbili, ndogo kama macho ya sindano. Muntu muzuri angekata na kusude upya. Miye nikakumbuka bashofere, bale banaziba reservoir ya mafuta ya gari kwa sabuni, juu mafuta haiyeyushe sabuni. Nikasugua sabuni, ikazama muzuri. Nikafuta, nikapiga mluzi.

Papa akakuya na kofia yake na kiti yake mwenyewe. Akapaka chokaa, akanituma kupaka petroli, akakaa. Tulingoja mpaka mama balimaliza kupika bukari, ugali yetu ya muchana. Chokaa nyeupe, hata doa moja.

"Papa," nikasema kwa nguvu, bote basikie, "si unaona? Hapa hata pumzi haipiti!"

"Leta maji."

"Maji ya nini tena? Petroli iko nyembamba kuliko maji. Petroli imeshindwa, maji itapita wapi?"

"Mukwe, miye niliomba maji. Sikuomba masomo."

Mama ba dispansere bakaleta maji na mabidon, bakajaza tanki. Papa akafunga macho, nikafikiri amelala. Kisha pa sudure pakatoka povu, kidogo kidogo, nyeupe, inashuka kama mate ya mutoto. Papa akaichukua na kidole, akanusa.

"Padiri," akasema, "hii tanki inaoga."

Mama moja akapiga makofi: "Muiache vile, papa! Tutafulia mashuka ndani!"

Bote bakacheka, hata mugonjwa mwenye serumu ku mukono. Masikio yangu ilipata moto kuliko chuma. Padiri akaangalia Papa, juu neno ya mwisho ilikuwa yake. Papa akasema tu: "Uko na baguette?"

Nilikuwa nayo, ile fimbo ya chuma ya kusudia. Tukamwaga maji yote. Nikakata sudure yote, si matundu mbili tu, yote, nikaacha nafasi kati ya mabati sawa unene wa waya ya baguette, moto ipite mpaka ngambo. Papa alisimama nyuma yangu na kila mara: "Polepole. Usikimbie. Chuma haina matanga ya kwenda." Jasho ilinijaza viatu.

Chokaa tena, petroli tena. Nyeupe. Maji tena, mpaka juu. Papa akapitisha kitambaa yake ku sudure yote, akaigeuza, akaiangalia: kavu.

Akakunja kiti yake.

"Padiri, chukua tanki. Mukwe wangu ni muongo," akasema, "lakini ni sudeur."

Mu Kasungami yote nilipeleka ile habari siku ileile. Nilianzia pa "lakini".