Amefukiwa

Mwalimu Syokau hakuvumilia Kiswahili kilichopinda. Hata nyumbani kwake, nje kidogo ya Mwingi, mgeni aliyesema "punda imechoka" alirekebishwa kabla hajamaliza chai. Aliyerekebishwa zaidi ni Kanyi, mtu wa Nyeri aliyeuza maji pamoja na Kiilu, mume wa Syokau. Wawili hao walikuwa na punda mmoja, na kila kukicha waliteremka naye kwenye mto mkavu, wakachimba mchanga mpaka maji yatoke.

"Punda ana uhai, Kanyi. Sema amechoka. Amekula. Amelala."

"Sawa, mwalimu. Amelala." Na kweli Kanyi akashika. Kiilu alicheka, akasema sasa wao na punda wamekuwa watu wamoja.

Kiangazi kilipokolea, shimo lilizidi kwenda chini. Alhamisi moja Syokau alikuwa akisahihisha insha ofisini simu ilipolia. Kanyi, anahema.

"Mwalimu! Mchanga umeporomoka! Amefukiwa!"

"Nani?"

"Amefukiwa mzima, hatumwoni hata kichwa..."

Mtandao ukakatika. Akapiga tena, hapatikani. Akapiga ya Kiilu. Iliita, ikaita, haikupokewa.

Kwenye bodaboda alilitafuna neno lile moja. Kanyi angesema "imefukiwa", Syokau angejua ni punda, angemshukuru Mungu. Lakini alisema "ame". Je, alikuwa ameshika somo? Au mtu aliyepagawa hurudia lugha yake ya zamani, na kwa hivyo "ame" ni binadamu? Na hiyo "mzima" ilikuwa mzima gani, mwili wote au mtu aliye hai?

"Kaza mwendo," alimwambia dereva. "Tafadhali, kaza."

Mtoni watu walikuwa wamezunguka shimo, wanachota mchanga kwa mabeseni na kwa mikono.

"Kiilu!"

Mtu mmoja aliinuka ndani ya shimo, mweupe kwa mchanga, damu juu ya jicho.

"Niko hapa, Mama Wavinya. Usikaribie, ukingo haujatulia."

Hakusikia. Aliteleza mpaka chini, akampiga kifuani kwa ngumi, kisha akamng'ang'ania. Kiilu alimbandua taratibu.

"Tusaidie kuchimba. Pengine bado anapumua."

Wakachimba bega kwa bega. Masikio yakatokea, kisha pua, imejaa mchanga. Punda alikuwa amekwisha kufa. Kiilu aliketi kando yake, akamfuta macho kwa pindo la shati.

Kanyi alisogea, mikono imechubuka. "Mwalimu, nilikosea kusema?"

"Hukukosea. Ulisema sawasawa. Lakini siku nyingine, Kanyi, nitajie jina kwanza."

Kiilu aliuliza kama kuna chochote cha kumfunika. Syokau akafungua leso kiunoni, akampa.