Mota ya Pongwe na Mguu Uliokosa pa Kukanyaga

Naikumbuka siku moja pale Pongwe, mwanangu, mota ya mashine ya kusaga ilipotaka kuharibu harusi ya dada yangu Mwanaidi. Mchele wa vitumbua tulikwisha kuuloweka na kuuchuja, na mchele wa hivyo ukikawia unachacha. Mwendesha mashine alikuwa Hamza, bwana harusi mwenyewe.

Akiwasha, mota inatetemeka mpaka makopo yanatembea mezani. Anazima, anachomeka bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu, anakaza bolti za miguu yote minne. Akiwasha tena, ndiyo kwanza inazidi. Mama yangu, Bi Rukia, akaleta chetezo akaifukiza ubani, akidhani ina wenyewe, majini. Wapi.

Hamza akamwomba shangazi yetu Bi Zuhura, aliyejaaliwa mwili, aikalie. Shangazi akatandika kanga, akakaa kwa heshima zake. Mota ikawashwa.

“Zi-zi-zima, mwa-mwanangu,” akasema.

Hapo akaingia Mzee Kombo, fundi wa zamani wa mashamba ya mkonge, kaja na mahindi yake. Tukamwamkia shikamoo.

“Marahaba. Mama, shuka, hapo si pahala pa mtu mzima.”

Akakata umeme. Akalegeza bolti moja tu, kidole kakiweka pale mguu unapokutana na kitako cha chuma, ahisi kama utainuka. Kimya. Akaikaza, akaenda ya pili. Kimya. Ya tatu ilipolegea, mguu ukainuka wenyewe.

“Umeona? Huu haukanyagi. Ukiukaza kwa nguvu unaipinda mota nzima. Utaua beringi zinazoizungusha.”

“Nilidhani bado haijakazika, babu,” Hamza akasema.

“Ndiyo ukatia bomba. Na mke naye utamtilia bomba?”

Mama alicheka mpaka akaweka chetezo chini.

Mzee akakwangua unga ulioganda chini ya mguu ule. Pengo likabaki. Akakata kipande cha bati la kopo la samli, upana wa mguu, na mwanya wa kupitisha bolti, akakisukumiza. Kimoja tu, ukirundika vingi, alisema, vinabonyea kama godoro. Akakaza, akalegeza tena kupima: mguu haukuinuka, akakaza moja kwa moja. Hamza akawasha, mota ikanguruma taratibu, mchele ukasagwa haujachacha.

Shangazi mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, alishikilia kuwa yeye ndiye aliyeinyoosha.

Basi mwanangu, kitu kikitetemeka usikimbilie kukaza. Zima kwanza. Legeza mguu mmoja mmoja, utazame upi unainuka, safisha chini yake, uzibe pengo la huohuo. Na mkeo akinuna usimpandishie sauti. Muulize ni wapi hapajamkaa vizuri, kisha unyamaze usikie. Mungu akupe mkono mwepesi na subira ya kupima, na akujaalie nyumba iliyotulia mpaka majirani wasahau kama mmo ndani. Amin.