Saa Mbili ya Deogratias

Mama Serafina ana macho mekundu, na nalisema mimi kwanza kabla wengine hawajalisema kwa ubaya. Aliyapatia Nkome, ziwani, alikobanika samaki kwenye moshi miaka ishirini ili mwanawe wa pekee, Deogratias, asome. Deo akasoma, akawa fundi umeme mgodini Geita, akamjengea mama yake nyumba Kolandoto. Lakini huku kwetu macho mekundu ya bibi hayaulizwi yametoka wapi. Yanahukumiwa tu kuwa ya mchawi.

Mwaka jana Deo alikufa kwa ajali ya pikipiki. Walimzika pale pale nyumbani, saa nane mchana. Baada ya matanga, baba yake mdogo, mzee Amosi, alituletea dukani Shinyanga mjini kompyuta ndogo, haizidi ukubwa wa Biblia, ambayo Deo aliiunganisha na runinga ya mama yake. Ilikataa kuiamrisha runinga. Mume wangu Apolinari hushika nyaya na solda. Mimi Paskalia hushika programu. Apolinari akaifungua. Ndani mna adapta, kibao kidogo kinachopeleka amri kwa runinga kupitia kebo ya HDMI: washa, zima, ongeza sauti. Plagi yake ilikuwa imeruka pini moja, kwa hiyo adapta ilikuwa mfu tangu siku ya kwanza. Akaichomeka sawasawa huku akipiga mluzi, Amosi akaondoka nayo.

Wiki ya pili alirudi mbio. Kila siku saa nane kamili mchana runinga inajiwasha yenyewe, na picha ya Deo inatokea, amevaa kofia ya mgodini, anacheka.

"Saa ile ile tuliyomfukia," alisema. "Lisemwalo lipo. Shemeji anamwita mtoto. Jumapili ukoo unakaa, aondoke pale."

Methali ile naichukia, maana waongo wote wanaipenda. Nilijua pia kuondoka kwa bibi mwenye macho kama yale huishia wapi. Wengine hawafiki hata stendi. Na sisi ndio tulioigusa mashine.

Jumamosi tulikwenda Kolandoto, Amosi akitangulia kwa pikipiki yake. Tulimwamkia Mama Serafina shikamoo. Akaitikia, kisha kabla hatujauliza lolote akasema, "Si mimi, wanangu."

Apolinari akikaa mbele ya mashine, hata nyumba ikiungua atauliza kwanza fyuzi iko wapi. Alibadilisha kebo. Akahamisha tundu la HDMI. Akatoa betri za rimoti, akapima adapta mguu kwa mguu. Kila kitu kizima, na hicho ndicho kilichomtoa jasho, kwa sababu fundi hana la kufanya na kitu kizima.

Saa nane ikafika. Runinga ikalia tiki, na Deo akatokea akitucheka. Nywele zilinisimama, sitaki kudanganya. Amosi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Karibu, baba," Mama Serafina alimwambia mwanawe. Kisha akajiziba mdomo kwa khanga, maana Amosi amesikia.

Nilichukua kibodi, nikaingia kwenye mipangilio. Picha ile Deo mwenyewe ndiye aliyeiweka iwe ya kwanza kuonekana mashine ikiwaka. Na kulikuwa na kengele ya kujiwasha, imeandikwa 2:00 PM.

"Mama, Deo alikwambia nini kuhusu tivii hii?"

"Alisema itajiwasha yenyewe saa mbili usiku, nitazame taarifa ya habari, nisihangaike na vitufe."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Saa mbili usiku! Deo aliandika mbili, akaweka PM akidhani ndiyo usiku, mashine ikasoma saa nane mchana. Kosa hilo hata mimi nimeshalifanya kwenye simu. Tangu siku aliyoifunga, kompyuta ile ilikuwa ikiamka kila mchana nyuma ya runinga iliyozimwa, ikiita kwa adapta isiyo na uhai, hadi mume wangu alipoihuisha.

Nilimweleza Amosi polepole. Nikazima vyote, nikaandika saa nane na nusu, tukangoja. Saa nane na nusu Deo akatokea. Nikaandika tena saa tisa kasorobo, akatokea.

"Basi, nimeelewa," Amosi alisema. "Ni saa tu. Kesho nitawaambia ukoo."

Mama Serafina alimmiminia chai kwa furaha hadi ikamwagika kwenye kisosi. Amosi alikishika kikombe, akakitazama, akakiweka chini. Akasema ana haraka. Hakuonja.

Tulisikia pikipiki yake ikiondoka. Apolinari, ambaye haoni vikombe, alikuwa tayari ameshika kibodi. "Mama, naiweka saa mbili usiku, kama mwenyewe alivyotaka."

"Usiku watasema zaidi," bibi alijibu. "Kata, mwanangu."

"Lakini haina ubovu wowote!"

"Kata. Nataka kuishi."

Nilimwonea uchungu kuliko siku ya msiba. Apolinari alifungua mashine, akakata nyaya za adapta moja baada ya nyingine, na safari hii hakupiga mluzi. Mama Serafina alitazama hadi waya wa mwisho.

Kisha akakichukua kikombe cha Amosi. Akatuomba tumtazame vizuri, akainywa chai yote hadi mwisho, akakipindua kikombe kutuonyesha ndani.