Kuku wa Mama na Malaria Yake

Kuna jirani yangu hapa Kilimani anayefuga kuku kwenye balkoni, orofa ya nne. Keateka wa jengo hajui, nasi wengine tumenyamaza. Asubuhi kuku huyo akianza kutetea baada ya kutaga, mimi huacha chai ipoe. Nakumbuka mtaa wa Satellite nilikokulia, ua wetu wa nyuma, na kuku mwekundu wa Mama.

Mama alimleta kutoka Maragoli alipokwenda kumzika nyanya, mamake. Ndugu zake waligawana vyombo na blanketi; yeye akamchukua kuku, akampakata safari nzima hadi Nairobi.

Majuma machache baadaye kuku akazubaa, kilemba cha kichwani kikapauka. Daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja mbwa wa landilodi akamtoa tone la damu, kesho yake akapiga simu. "Huyo ako na malaria ya kuku." Baba alisikia malaria, hayo mengine yakampita. Kwetu malaria ilikuwa kitu cha kutoka ushago, kule kijijini, kama mikungu ya ndizi. Watu walirudi nayo Desemba.

"Mama Brayo, hiyo kuku itoke," akasema. Brayo ni mimi. "Mbu ikiiuma halafu iume mtoto, tutasema nini?"

Mama hakubishana. Aliingia chumbani, akafungua neti ya kitanda chao, akafunika nayo kreti ya kuku. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Kila jioni alichuchumaa chini ya neti hiyo, akimnywesha kuku uji wa wimbi kwa kijiko na kumwongelesha Kimaragoli polepole. Niliipenda sauti ile, ingawa sikuelewa kitu. Baba ni Mkamba, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, na sisi watoto Sheng yetu.

Kuku alikufa. Mama, ambaye matangani hakupata nafasi ya kulia kwa kupikia wageni, aliketi sakafuni akalia kwa kwikwi.

"Si ni kuku tu?" Baba alisema, asijue aweke wapi mikono.

Leo najua malaria ile ni ya kuku wenyewe, haingempata mtoto yeyote. Lakini silo linaloniuma. Katika nyumba iliyojaa watu, Mama alibaki na kuku tu wa kuzungumza naye lugha ya mamake. Sasa Mama naye hayupo. Natamani kumsikia tena, na safari hii nijue hata neno moja la kumjibu.