Kuku wa Masika ndani ya Sanduku la Vipimajoto

Hii ya kuku ningependa nife nayo, lakini mke wangu Masika ameshawasimulia nusu ya Butembo, tena anaongezea, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu.

Wakati wa vita wakubwa wote wa kituo cha kilimo walikimbia, nikabaki mimi, na kila asubuhi nilifungua lile sanduku jeupe la vipimajoto, lenye matundu, nikaandika baridi ya usiku na joto la mchana (kichwa kigumu, Masika husema). Basi waasi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakibeba kuku. Masika alibakiwa na mmoja, naye alikuwa anaatamia. Nikajua waasi hao wanaliogopa lile sanduku, wanadhani ni mashine ya serikali, nikamwingiza humo na mayai yake. Matundu yapo, nikajiambia, joto lake litatoka (mimi, mtu wa vipimo!). Nikawa nasoma huku ananidonoa vidole, naandika ninachokiona.

Vita vilipotulia akaja profesa kutoka Kisangani. Alikuwa na hesabu za kompyuta za kukadiria hali ya hewa, akitaka kuzipima kwa daftari zangu, aone kama joto la hesabu hizo linapanda na kushuka siku hadi siku kama la kweli. Ukumbi ulijaa wakulima, hadi waliotoka kijiji cha Masereka, nami mbele na koti la harusi. Akaonyesha mchoro: usiku huu baridi, kesho yake afadhali, mstari unarukaruka, kisha ghafla kila usiku una joto lilelile, siku ishirini na moja, halafu unaruka tena. Akasema, bila ukali, kwamba namba za kubuni ndivyo zinavyotulia, na kama nilibuni hizo, daftari zote za vita atazitupa. Miaka yangu yote! Nikaanza kueleza habari za ukungu (ukungu, jamani).

Masika akasimama kule nyuma. "Professeur, siku makumi mbili na moja, ile ni kuku yangu. Ililalia mayai mu kisanduku ya bwana yangu. Batoto kumi na moja balitoka."

Wakulima walicheka hadi machozi, nikatamani ardhi inimeze. Profesa hakucheka. Aliniuliza kama kweli sikurekebisha kitu.

"Mi hapana kugusa hata chiffre moja, hata namba moja," nikamjibu. "Niliandika ile niliona."

Akazifuta siku zile kwa kalamu nyekundu, akasema zilizobaki anazichukua zote, maana mtu anayebuni namba hangeandika hata joto la kuku. Leo hesabu zake zinapimwa kwa mwandiko wangu, na nikiliwaza hilo kifua kinanijaa. Lakini kuku ndani ya sanduku, tena hapana. Hata lije jeshi zima, nitalala naye kitandani.