Kibuyu cha Rubisi

Kila ninapopita penye watu wanaokamua ndizi, harufu ya rubisi, pombe yetu, hunirudisha kwenye ua wa nyumbani.

Siku moja nikiwa mtoto, jirani yetu alisimama mbali, nje ya ua, kwa sababu kwake kulikuwa na ndui. Alimwambia mama kwamba mke wake anakufa na anataka kubatizwa, na mwalimu wa dini amesafiri.

"Basi njoo wewe," alimsihi mama.

"Mimi? Mwenyewe sijabatizwa. Hata Baba Yetu hunikatikia katikati."

"Miezi mitatu ya kusoma dini, tayari padre!" bibi alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umenikaza begani.

Mwalimu alikuwa amewafundisha mama na wenzake kwamba mtu akiwa katika kufa, yeyote anaweza kummwagia maji na kutaja yale majina matatu, la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mama alichukua kibuyu pekee kisichovuja, cha rubisi. Alikisuuza mara tatu, akakinusa, akakunja uso.

"Bado kinanuka," nilisema.

"Hata mimi bado sijatakata, mwanangu. Mungu atatumia kilichopo."

Akapotelea kwenye migomba. Baada ya muda mrefu tukasikia sauti yake kutoka kule kwa jirani, ikitaja majina matatu bila kukwama.

Aliporudi alisimama palepale alipokuwa amesimama jirani.

"Amekwenda kwa amani," alisema.

Nilitaka kumkimbilia, bibi akanivuta nyuma. Mama aliweka kibuyu chini, akatuonya tusikiguse, kisha akaomba tumtupie mkeka wake alale huko nje.