Mwalimu Mwaija na Shamba la Mirihi

Kikundi chetu cha wakulima kina wanachama arobaini na mmoja, ghala moja la bati nje kidogo ya Handeni mjini, mhuri, na kundi la WhatsApp. Kundi hilo lilianzishwa kwa ajili ya matangazo ya mikutano, mbegu na dawa za wadudu. Kwa miaka miwili lilitumika kama lilivyokusudiwa, yaani watu walitumiana salamu za Ijumaa, taarifa za misiba ya watu tusiowajua, na video ya mbuzi anayecheza muziki. Mwenyekiti wetu, Mzee Sharifu, hakuwahi kulalamika kuhusu mbuzi. Alianza kulalamika siku Mwalimu Mwaija alipotuletea Zohali.

Mwalimu Mwaija anakaa Kilole, Korogwe, lakini ekari nne alizoachiwa na baba yake ziko huku kwetu Handeni, ndiyo maana ni mwanachama. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne. Alipostaafu, wanawe walimnunulia simu kubwa ili wawe wanamwona wakizungumza naye. Yeye akaona kuzungumza na wanawe kunaweza kusubiri. Akagundua kwamba kuna watu duniani kazi yao ni kupiga picha sayari na nyota, na kwamba picha hizo hutolewa bure kwa yeyote mwenye bando. Tangu siku hiyo wanawe wakipiga simu wanaambiwa yuko Mshtarii.

Hakuwa na uchoyo. Kila picha iliyomshangaza alitutumia, na chini yake aliandika maneno mawili matatu. Mwezi mmoja wa sayari ya Zohali una mashimo mwili mzima, nao aliuandikia, "Dodoki. Halijatumika." Mwezi mwingine umebinywa ukingoni pande zote, huo akauandikia, "Kitumbua. Mpishi alikuwa na haraka." Siku nyingine alileta wingu kubwa la vumbi, la rangi ya machungwa na buluu, ambamo nyota changa zinazaliwa. Chini yake aliandika, "Wodi ya wazazi. Mwisho wa kuona wagonjwa saa kumi na mbili."

Sisi wengine tulicheka. Mama Tatu, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kuandika chochote zaidi ya "Amina", aliuliza kama hilo wingu ni kubwa kuliko wilaya. Mwalimu akamjibu kwamba ukisafiri ndani yake kwa basi, nauli itakuishia kabla hujafika kituo cha kwanza, na dereva naye atakuwa amekufa kwa uzee.

Mzee Sharifu hakucheka. Yeye ni mtu wa taratibu. Aliandika tangazo refu, nusu yake kwa herufi kubwa, akisema kuanzia sasa picha zitakazoruhusiwa ni zile zinazohusu kilimo tu. Mbuzi hakutajwa, nadhani alihesabiwa kuwa mfugo.

Mwalimu Mwaija alijibu kwa heshima kwamba amepokea agizo na atalitekeleza. Kesho yake asubuhi akatuma picha ya uwanda mwekundu, mkavu, umejaa mawe, hauna hata jani moja. Katikati zilipita alama mbili za magurudumu zikielekea kwenye kilima. Chini yake aliandika: "Shamba la mwenyekiti baada ya palizi ya kwanza. Hongera, mzee."

Ilikuwa picha ya kilimo. Hakuna aliyeweza kusema agizo limevunjwa.

Jambo lingeishia hapo kama ndani ya kundi letu kusingekuwa na Bwana Kaleb. Huyu alikuwa afisa mradi wa shirika moja lililokuja kutusaidia kukabiliana na ukame. Aliomba kuingizwa kwenye kundi ili, kwa maneno yake, asikilize sauti ya mkulima akiwa ofisini. Hilo la ofisini alilitimiza vizuri. Katika mwaka mzima wa mradi alifika mashambani mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa amepotea njia ya kwenda Mkumbara kwa shemeji yake.

Muda wa kuandika ripoti ulipofika, Bwana Kaleb alihitaji picha. Akaingia kwenye kundi, akaiona hiyo ya uwanda mwekundu na maneno yake, akaichukua. Niliisoma ripoti hiyo baadaye kuliko nilivyopaswa. Ukurasa wa saba palikuwa pameandikwa: "Picha Na. 3: Hali halisi ya shamba la kiongozi wa kikundi. Zingatia alama za trekta, ishara kwamba mkulima amejitahidi kutumia zana za kisasa."

Chini ya ukurasa huo kulikuwa na mhuri wa kikundi na saini ya katibu. Katibu ni mimi, Gregori. Babu yangu aliletwa Korogwe kama manamba, kukata mkonge, akiwa hajui kusoma wala kuandika. Nakumbuka alivyosisitiza sisi wajukuu tusome ili tusiwe watu wa kutia dole kwenye karatasi tusizozielewa. Nikasoma. Sasa natia saini.

Mwezi mmoja baadaye zilikuja gari mbili nyeupe kutoka Dar es Salaam. Alishuka mkurugenzi wa shirika, Mama Hilaria, mwanamke mfupi mwenye miwani na viatu vilivyoonyesha kwamba yeye, tofauti na afisa wake, alikuja kutembea. Tulimpokea ghalani. Mwenyekiti akasoma risala kwa nusu saa. Alipomaliza, Mama Hilaria akashukuru, akafungua ripoti, akasema anaomba kwanza aone lile shamba la picha namba tatu. Alisema amekaa na picha ile wiki nzima na hajawahi kuona ardhi iliyochoka kiasi kile.

Mzee Sharifu alipewa ripoti aitazame. Niliona uso wake ukibadilika. Picha aliijua. Isitoshe mwaka ule alikuwa amepanda mapema kule bondeni, na mahindi yake yalikuwa yamemfika begani, yamenenepa, ya aibu kabisa kwa mtu anayeomba msaada wa ukame. Mtu mwingine angesema ukweli, yakaisha. Mwenyekiti wetu alisema shamba hilo liko upande wa pili wa kilima na njia ni mbovu.

Mama Hilaria akasema gari zao zilinunuliwa kwa ajili ya njia mbovu. Mzee akasema kuna daraja limevunjika. Mama akasema watatembea. Mzee akasema kuna nyuki. Hapo ghala zima tukaanza kuwaza nyuki hao watatolewa wapi kwa haraka hivyo.

Mwalimu Mwaija alikuwa amekaa nyuma, amefika asubuhi hiyo na basi la Korogwe. Alisimama, akajitanda vizuri kanga yake.

"Mama Hilaria, msijisumbue," alisema. "Hapo ni Mirihi."

Mama Hilaria akafungua daftari lake, akaandika. "Mirihi ni kata gani?"

"Haiko kwenye kata yoyote. Ni sayari. Hata balozi wa nyumba kumi hawana."

Bwana Kaleb, ambaye hadi hapo alikuwa akitabasamu kama mtu anayesubiri kusifiwa, alisema kwamba haiwezekani, kwa sababu alama za trekta zinaonekana wazi.

"Ni za gari kweli, mwanangu," Mwalimu alimwambia kwa sauti ile ya darasani. "Gari lisilo na dereva. Lilirushwa kutoka hapa duniani, likasafiri miezi kama saba, likatua, likaanza kuchunguza jiwe moja moja. Na kote huko halijawahi kudai posho ya kwenda shambani."

Bwana Kaleb akaanza kuchunguza viatu vyake. Mimi nikachunguza paa. Mzee Sharifu alikuwa bado ameishika ripoti, na nilihisi ametambua kwamba nyuki ameshawataja na hawawezi kurudishwa.

Mama Hilaria aliitazama picha, akamtazama Mwalimu, akaitazama picha tena. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na pengine angekuwa na haki. Alikuwa anacheka, bila sauti, hata akavua miwani afute macho. Alipotulia hakuuliza ni nani awajibishwe. Aliuliza kama Mwalimu ana nyingine.

Mwalimu alikuwa nazo mia tatu na kitu.

Ratiba ya siku ile ilisema kutembelea mashamba, mjadala, chakula, kuondoka. Tulifanya chakula na kuondoka. Muda mwingine wote mkurugenzi alikaa juu ya gunia la ufuta, simu ya Mwalimu mkononi, sisi tumemzunguka. Lilipofika dodoki akacheka tena. Ilipofika ile wodi ya wazazi hakucheka. Aliikuza kwa vidole, akaitazama nyota moja ndogo pembeni, akasema taratibu kwamba amekuwa akisafiri kwa ndege miaka ishirini na siku zote huomba kiti cha kwenye korido, si cha dirishani.

Mbegu za muda mfupi tulizoahidiwa na mradi zilikuja msimu uliofuata, kwa kuwa ripoti ilikuwa imeshaidhinishwa na hakuna ofisi inayopenda kufungua upya jalada lililofungwa. Ilitumwa barua ya marekebisho tu, ikisema Picha Na. 3 isomeke kama mfano. Bwana Kaleb naye aliadhibiwa vikali: alipelekwa semina ya siku tano ya uandishi wa ripoti, hotelini, akarudi na cheti na begi jipya.

Jioni ile ya wageni nilimsindikiza Mwalimu stendi nikimbebea kapu lake. Nilimuuliza kwa nini anahangaika kututumia picha sisi, watu wa mbuzi. Alinieleza kwamba miaka yote ile ya kufundisha aliichora Zohali kwa chaki, kama mpira uliovishwa kofia pana, na watoto wakainakili, naye akaweka vema. Hakuwa ameiona. Alikuwa akifundisha kitu alichoambiwa.

"Siku niliyoiona yenyewe nilikuwa nimemimina chai," alisema. "Ilipoa, nikamimina nyingine, ikapoa. Sasa, Gregori, kitu kama kile ningekaa nacho peke yangu jikoni?"

Basi likaja, akapanda.

Mkutano uliofuata Mzee Sharifu alitangaza kwamba picha za angani zitaonyeshwa kila mwezi kwenye ajenda ya mwisho, Mengineyo, chini ya usimamizi wa mwenyekiti. Alilisema kama jambo alilolibuni mwenyewe, na tukapiga makofi. Siku Mwalimu alipoonyesha picha ya dunia iliyopigwa kutoka mbali sana, ambako sisi sote ni kidoa kimoja cha mwanga, mzee aliisogeza simu karibu na pua. Akaitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama hesabu za kikundi. Akauliza Handeni iko upande gani. Alipoambiwa haionekani, wala Korogwe, wala Tanzania yenyewe, aliomba atumiwe picha hiyo. Wiki hiyo akaomba atumiwe tena, akisema ya kwanza ameifuta kwa bahati mbaya. Lakini Mama Tatu aliiona bado iko kwenye simu ya mzee, akiwaonyesha wajukuu wake.

Juzi, baada tu ya swala ya magharibi, mwenyekiti alituma picha yake ya kwanza. Ilikuwa giza tupu, na katikati duara jeupe lenye ukungu. Aliandika: "Mwezi. Umepigwa na mwenyekiti." Watu wanaojua nani husimamia mgao wa mbegu walijibu haraka. Mashaallah, mzee. Kazi nzuri. Mimi mwenyewe nilituma vidole gumba vitatu.

Saa nzima baadaye Mwalimu Mwaija akaandika kutoka Kilole: "Shikamoo mzee. Hiyo ni taa ya ghala. Mwezi uko nyuma yako."

Tulisubiri tangazo la herufi kubwa. Halikuja. Baada ya dakika kama kumi iliingia picha nyingine, imetikisika vibaya, na safari hii kweli ulikuwa mwezi.